Anaposhambuliwa Mwenzetu Mtandaoni: Mwongozo Kamili kwa Wasimamizi wa Makundi na Kurasa za Kiswahili

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, wa kundi la Facebook la wakulima au wazazi, wa ukurasa wa redio ya mtaa, au wa chaneli ya YouTube ambayo komenti zake zimeshazidi uwezo wa mtu mmoja kuzisoma. Kazi hii ina swali moja linalotangulia mengine yote: nani anaumia sasa hivi, na anahitaji nini? Msimamizi anayeanza na "nani kaanza?" hujikuta akiamua mabishano, na anapomaliza kupima haki ya kila upande, aliyetukanwa ameshaondoka. Wanaoondoka kimya ndio hasara kubwa ya kundi. Mara nyingi ni wanawake, vijana wageni, na watu wa kabila au dini yenye watu wachache humo. Hawaagi wala hawalalamiki. Baada ya miezi michache wanabaki watu kumi wenye sauti kubwa, na kundi linasemekana "limepoa".

Watu wa zamu

Kundi la watu 200 hadi 1,000 linahitaji wasimamizi watatu hadi watano. Angalau wawili wawe wanawake. Mwanamke aliyetumiwa picha chafu inboksi na mwanakikundi mwenzake ni nadra kumwandikia msimamizi mwanamume asiyemjua, na akimwandikia huwa ameshavumilia mengi. Gawaneni saa kwa jina: nani anashika asubuhi, nani jioni, nani usiku baada ya watu kurudi makwao na kununua bando. Kundi likiwa na watu walioko Marekani au Kanada, mpeni mmoja wao zamu ya usiku wa manane wa Afrika Mashariki, maana kwake ni mchana au jioni.

Wasimamizi wawe na kikundi chao kidogo cha pembeni, na kiwe cha kazi tu. Maamuzi yote yapite hapo, hata yale yanayochukua sekunde kumi, ili mtu akiuliza kwa nini katolewa, msimamizi yeyote aweze kumjibu.

Kabla ya kitu kingine, fungeni akaunti zenu. Makundi mengi hutekwa kupitia simu ya msimamizi: mtu anapiga au anaandika akidai ni wa kampuni ya simu, anaomba namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa ujumbe mfupi, na akipewa tu, WhatsApp yote imekuwa yake. Kila msimamizi aweke uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila ya ziada ya tarakimu sita ambayo mwizi hawezi kuipata kwenye ujumbe. Kwenye Facebook, wawili tu wawe na mamlaka kamili. Wengine wapewe ngazi ya chini inayowaruhusu kufuta na kuzuia bila kuweza kuwaondoa wenzao.

Kanuni zinazosomeka

Kanuni ishirini hazisomwi na mtu. Sita zinatosha, na kila moja itaje tendo linaloonekana. "Tuheshimiane" haimsaidii msimamizi siku ya ugomvi, kwa sababu kila anayetukana huamini yeye ndiye aliyevunjiwa heshima. Haya ni maneno mnayoweza kuyachukua yalivyo:

1. Jadili hoja. Usitukane mtu, kabila, dini, nchi wala maumbile ya mtu.
2. Usiweke namba ya simu, picha, mahali anapoishi mtu au mazungumzo yake ya faragha bila ruhusa yake.
3. Usimwandikie mwanakikundi inboksi kabla hajakubali.
4. Picha za utupu, maiti na majeruhi haziruhusiwi, hata kwa nia ya kuonya wengine.
5. Mtu akisema basi, ni basi. Usimfuatefuate kutoka mada moja hadi nyingine.
6. Ukiona kosa usijibu. Mwandikie msimamizi, naye ni fulani au fulani.

Ya tatu na ya sita ndizo zinazosahaulika, na ndizo zinazookoa watu wengi. Kwenye WhatsApp weka kanuni kwenye maelezo ya kundi na uzirudie kila wageni wanapoingia. Facebook inakupa nafasi ya kanuni hadi 10 na maswali hadi 3 kwa anayeomba kujiunga. Swali moja kati ya hayo liwe "Umesoma kanuni? Itaje mojawapo kwa maneno yako." Akaunti bandia nyingi hukwama hapo.

Wapo wanaohofia kwamba kuanika kanuni kutawatisha wageni. Ushahidi unaonyesha kinyume. Mwaka 2019 mtafiti J. Nathan Matias alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye jukwaa la sayansi la mtandao wa mijadala wa Reddit, lenye wafuasi milioni 13. Kubandika kanuni juu ya mjadala kuliongeza kiwango cha wageni kuzifuata kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na ushiriki wao ukapanda kwa wastani wa asilimia 70. Mgeni anayeona kuna mwenye nyumba hukaa akazungumza.

Mipangilio ya kurekebisha leo

WhatsApp inachukua watu hadi 1,024 katika kundi moja, na kila mmoja wao anaziona namba za wengine. Hilo ndilo pengo kubwa la usalama la mtandao huu kwa wanawake: mtu anaweza kujiunga asubuhi, akakusanya namba, akaanza kutuma picha mchana, na asiandike hata neno moja ndani ya kundi. Kwa hiyo washa ruhusa ya kumkubali kila anayejiunga. Weka kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoongeza watu na kubadilisha jina na maelezo. Linki ya mwaliko ikishazagaa mitaani, ibatilishe na utoe mpya. Kundi likizidi watu mia tatu wasiojuana, fikiria kuhamia kwenye "Jumuiya" ya WhatsApp, ambako kwenye kundi la matangazo wanachama hawaonani namba, au Telegram, ambako mtu anaweza kuficha namba yake. Telegram pia ina kipimo cha kupunguza kasi: kila mtu asubiri muda fulani kabla ya kuandika tena, na unaweza kuufikisha saa nzima. Ugomvi mwingi hufa wenyewe watu wakilazimika kusubiri dakika tano.

Kwenye ukurasa wa Facebook unaweza kuweka hadi maneno 1,000 ya kuzuia, kwa lugha yoyote. Kuna jambo moja la kuelewa vizuri. Ukiificha komenti badala ya kuifuta, aliyeiandika na marafiki zake bado wanaiona. Kwa mchokozi asiyejulikana hilo ni jema, maana anaendelea kupiga kelele akidhani anasikika. Lakini kama mshambuliaji na mshambuliwaji wana marafiki wa pamoja, kwa mfano wametoka shule moja au kijiji kimoja, watu wale wale ambao mshambuliwaji anaona haya mbele yao bado wanaisoma. Hapo ifute kabisa.

YouTube ina uwezo wa kushikilia komenti zote, au zile zinazotiliwa shaka, hadi uzipitie. Zile zinazoshikiliwa hukaa siku 60. Chaneli yenye watoto, wagonjwa au wahanga wa ukatili ishikilie zote.

Orodha ya maneno: hapa ndipo mashine inapokwama

Vichujio vya mitandao mikubwa vinakijua Kiingereza vizuri, Kiswahili kwa kubahatisha, na Sheng kwa shida. Orodha yenu ndiyo itakayofanya kazi, na inastahili muda wenu kuliko kitu kingine chochote kabla ya siku ya shari.

Anza na viambishi. Kichujio huona mfuatano wa herufi tu, wakati Kiswahili huligeuza neno mbele na nyuma. Kama kinalinganisha neno zima, "malaya" haitakamata "kimalaya", "umalaya" wala "malayaa" yenye a mbili. Kama kinalinganisha sehemu ya neno, tatizo linageuka: tusi moja maarufu la herufi nne limo ndani ya "kumaliza", "kumaanisha" na "hukumani", na ukilizuia hovyo utafuta nusu ya mazungumzo halali. Vitisho ni vigumu zaidi. Mzizi wa kubaka umo ndani ya "kubaki" na "tumebaki". Mzizi wa kuua umo ndani ya "maua" na "kununua". Kwa vitenzi vya namna hiyo andika maumbo kamili moja moja: nitakubaka, tutakubaka, abakwe, wabakwe, ubakwe, nitakuua, tutakuua, auawe, wauawe, mtauawa. Ni kazi ya saa mbili, tatu, na haina njia ya mkato. Ukimaliza, ingia kwa akaunti nyingine uandike sentensi ishirini za kawaida uone ni ngapi zimenaswa bila kosa.

Kisha ongeza tahajia za kukwepa. Vijana huandika x badala ya s na q badala ya k, huingiza 4 au @ mahali pa a, huweka nukta kati ya herufi. Usijaribu kukisia zote. Kila wiki chukua zile zilizopita ukaziongeza.

Tabaka la tatu ni maneno yenye nyuso mbili. Aprili 2022, kuelekea uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno yanayochochea chuki. Humo kulikuwa na "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Neno la kwanza linakumbukwa vibaya tangu machafuko ya 2007 na 2008, lilipotumika kuwataja watu wa makabila mengine waliotakiwa kuondolewa. La tatu lina historia nzito kuliko yote: mwaka 1994 nchini Rwanda, Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende, kwenye redio iliyohimiza wauawe. Anayejua hayo hawezi kulichukulia neno hilo kama utani wa siasa. Na bado, katika kundi la wakulima, mtu atauliza kwa nini majani ya nyanya yana madoadoa, mwingine atalalamikia kwekwe shambani. Kadhalika "shoga": mwanamke wa pwani anamwita hivyo rafiki yake wa dhati, na dakika hiyo hiyo mtu mwingine analitumia kumwinda kijana.

Kwa hiyo gawa orodha mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maneno yasiyo na matumizi mema kabisa, nayo yafutwe papo hapo. La pili ni haya yenye nyuso mbili: yashikiliwe hadi binadamu ayasome. Ukichanganya mafungu hayo, ama utawanyamazisha watu wema, ama utaishia kukizima kichujio kwa kero.

Kuna na maneno ya msimu. Tanzania, mtu akiandika "koneksheni ya fulani" chini ya picha ya msichana, mara nyingi anaomba au anauza video ya faragha iliyovuja. Neno hilo na mtindo wake wowote liwe kwenye fungu la kushikiliwa, na linki inayofuata ifutwe bila kusubiri.

Kinachobaki hakiwezi kuorodheshwa kamwe: vijembe na mafumbo. Mtu anaweza kupiga picha kanga yenye maandishi makali akaiweka ukutani bila kutaja jina, na wanaohusika wote wakajua imemwendea nani. Methali "nyani haoni kundule" ni ya kawaida hadi inapoandikwa mara nne kwa wiki chini ya kila anachosema mwanakikundi mmoja. Pima mambo matatu: kuna mlengwa anayejulikana? kinarudiwa? kinafuata ugomvi wa karibuni? Yakiwa mawili kati ya matatu, ni unyanyasaji, hata kama kila neno ni safi.

Nusu saa ya kwanza

Shambulio limeanza: mwanakikundi ametukanwa na kuwekwa picha yake, watu wanacheka, wengine wanaongezea. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, hifadhi ushahidi. Kila mtu hukimbilia kufuta, kisha baadaye polisi wanauliza kilichoandikwa na hakuna. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba kamili ya mwandishi, si jina ulilolihifadhi wewe. Tarehe na saa. Na ujumbe wa kabla na wa baada. Kwenye Facebook na Instagram nakili pia anwani ya ukurasa wa mtu, kwa kuwa jina hubadilishwa kwa dakika moja. Muda wa kazi hii: dakika tatu.

Pili, ripoti kwa mtandao wenyewe. Ukiripoti mtu WhatsApp, kampuni hupokea ujumbe wake wa mwisho hadi mitano, kwa hiyo ripoti kabla ya kufuta.

Tatu, futa kwa wote. Msimamizi wa WhatsApp ana uwezo huo tangu 2022, na kundi litaona nani amefuta. Usiogope jina lako kuonekana. Ndilo linalomwambia mshambuliwaji kwamba kuna mtu amesimama upande wake.

Nne, kama wengine wanaendelea kumwaga mafuta, funga kundi kwa muda, wasimamizi pekee waandike. Dakika thelathini hadi saa mbili zinatosha. Ukifunga siku nzima, ugomvi utahamia kwenye kundi jingine ambako huna mamlaka.

Tano, mwandikie aliyeshambuliwa faraghani. Hatua hii ndiyo kiini cha kazi yote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Ujumbe uwe mfupi na usimtwishe kazi: "Dada Asha, habari. Nimeona kilichoandikwa. Nimekifuta na nimehifadhi nakala kama utaihitaji. Huna haja ya kujibu lolote kundini. Je, kuna anayekusumbua inboksi? Ungependa tufanye nini zaidi?" Jina hilo ni la mfano. Usimwambie apuuze. Usimuulize alisema nini hadi wakamkasirikia.

Sita, tangaza kwa maneno makavu: "Ujumbe uliokiuka kanuni ya 1 na ya 2 umefutwa na aliyeutuma ametolewa. Kundi litafunguliwa saa nne. Mwenye nakala ya picha aifute, asiisambaze." Usitaje jina la aliyeshambuliwa na usirudie tusi. Matangazo mengi ya wasimamizi huharibu hapa, kwa kulieleza kosa kwa undani hadi waliokuwa wamelala nao wakalijua.

Shinikizo la "yaishe"

Tumelelewa kupatanisha, na ni jambo jema kwa ugomvi wa wawili walio sawa. Lakini mara tu tangazo likitoka, wazee na marafiki wa pande zote wataanza: asamehe, ni utani, sisi ni ndugu, tuyamalize. Shinikizo lote humwangukia aliyeumizwa, hadi anaandika "nimesamehe" mbele ya watu 400 huku mikono inatetemeka. Usiliachie nafasi shinikizo hilo. Usuluhishi usifanyike mbele ya kundi, usifanyike siku hiyo hiyo, na usifanyike kabisa kama yeye hajauomba. Kuomba radhi kwa aliyekosea kupitie kwako kwa maandishi. Wewe umuulize mlengwa kama anataka kuisoma. Akikataa, basi.

Mgumu kuliko wote ni mkosaji mwenye hadhi: mwenyekiti, mchangiaji mkubwa, mzee wa ukoo. Mwandikie kwa adabu anayostahili, anza na shikamoo, mpe maelezo faraghani na msimamizi mwenye umri wa karibu naye. Adhabu yenyewe iwe ile ile. Kundi zima linaangalia hapo, na vijana wa kike wanajifunza kama kanuni ni za kweli.

Ngazi za adhabu

Kosa dogo la kwanza: futa na umweleze mhusika ni kanuni gani amevunja. Maelezo hayo ya mstari mmoja yana faida kuliko kufuta kimya, kwa sababu wengi hawakujua kosa lao. La pili: onyo la maandishi na kunyamazishwa siku saba. Facebook ina njia ya kumnyamazisha mtu kwa muda. WhatsApp haina, kwa hiyo hutolewa na kurudishwa baada ya siku hizo. La tatu: anatoka.

Yapo yasiyo na ngazi. Tishio la kuua au kubaka, picha ya faragha, kuanika anwani au namba, kuita kabila wadudu au kutaka lihamishwe, kumsumbua mtu kingono inboksi: anatoka siku hiyo hiyo, awe nani.

Weka daftari dogo lenye tarehe, kosa, kanuni, uamuzi na msimamizi aliyeamua. Mruhusu aliyetolewa kukata rufaa mara moja, na aisikilize msimamizi mwingine. Daftari lisiwe na hadithi za maisha ya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila hizo, daftari la umbea likivuja litawaumiza wale mliotaka kuwalinda.

Picha za utupu

Usizihifadhi kama ushahidi na usimtumie msimamizi mwenzako "aone". Andika namba ya aliyetuma, saa na linki; piga skrini baada ya kufunika picha. Kama anayeonekana ni mtoto, kuwa na nakala kwenyewe ni hatari na ni kumdhuru upya. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto inayotumika Kenya na Tanzania.

Mtu mzima ambaye picha yake inasambazwa au anatishiwa kuanikwa aelekezwe StopNCII.org. Huduma hiyo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yake mwenyewe, picha haiondoki kwenye simu, na mitandao inayoshiriki, ikiwemo Facebook na Instagram, hutumia alama hiyo kuizuia isipandishwe. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna huduma inayofanana iitwayo Take It Down. Mkae naye, au mtu anayemwamini akae naye, anapofanya hivyo. Ni saa chungu.

Wimbi kutoka nje

Ukurasa wako unaweza kuvamiwa na mamia ya watu usiowajua. Dalili: akaunti za wiki hii, hazina picha, zinaandika sentensi zinazofanana, zinakuja ndani ya saa moja. Wengine hulipwa. Mwaka 2021 taasisi ya Mozilla, inayojulikana kwa kivinjari cha Firefox, ilichapisha uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu kampeni za kukodi nchini Kenya, ambako washiriki walilipwa kati ya dola 10 na 15. Kujibishana na mtu aliye kazini ni kumwongezea mshahara. Weka komenti zote zishikiliwe, punguza wanaoruhusiwa kutoa maoni wawe wafuasi wa zamani, na kwa Instagram tumia kizuizi cha muda dhidi ya wasiokufuata. Mawimbi mengi hupoa ndani ya siku mbili au tatu. Anayelengwa akabidhi simu yake kwa mtu anayemwamini ampitie ujumbe, kwani kusoma mia mbili peke yake usiku ndiko kunakovunja moyo.

Polisi na sheria

Uamuzi wa kushtaki ni wa aliyeshambuliwa. Kazi yako ni kumpa nakala zilizopangwa kwa tarehe, zikiwa zimechapishwa karatasi na pia kwenye flashi. Kwa makabiliano marefu, WhatsApp inaweza kutoa mazungumzo yote nje ya simu, hadi ujumbe 40,000 bila picha.

Kenya, unyanyasaji wa mtandaoni uko kwenye kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, chenye adhabu ya hadi shilingi milioni 20, au miaka 10, au vyote viwili. Kifungu cha 37 kinahusu kusambaza picha za faragha. Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kituoni asiondoke bila namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi: OB kwa Kenya, RB kwa Tanzania. Bila namba hiyo ni kama hakufika. Tanzania aombe Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, 1195 ni namba ya bure ya msaada kwa ukatili wa kijinsia.

Tishio lenye mahali na saa ("kesho ukitoka kazini") halisubiri mkusanyo wa ushahidi. Mpigie simu kwanza, ahakikishe hayuko peke yake.

Wanaosoma machafu

Nairobi imeonyesha dunia gharama ya kazi hii. Watu waliochuja maudhui ya Facebook kupitia mkandarasi mjini humo walifungua kesi kuanzia 2022, na mwisho wa 2024 ilielezwa mahakamani kwamba zaidi ya 140 kati yao waligunduliwa kuwa na msongo mkali unaofuata kiwewe. Wewe hutaona mengi kama wao, lakini huna mshauri wala mshahara. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Video inayotiliwa shaka itazame ndogo, bila sauti, mara moja. Ujumbe wa sauti wenye matusi usikilizwe na mmoja tu kwa niaba ya wote. Aliyeshughulikia tukio zito apumzike zamu wiki inayofuata bila kulazimika kuomba. Asiyelala usingizi aambiwe apumzike hata kama anasema yuko sawa.

Kila wiki, kila mwezi

Tangu 2022, mtu akitoka kundi la WhatsApp ni wasimamizi pekee wanaoarifiwa, na kwenye taarifa za kundi kuna orodha ya waliotoka ndani ya siku 60. Ifungue kila Jumamosi. Waandikie watatu au wanne, hasa wageni na wanawake: "Tumeona umetoka. Kama kuna mtu aliyekusumbua, tungependa kujua. Huna lazima ya kurudi." Majibu mengine yatakuwa ya bando na simu kujaa. Yatakayobaki yatataja jina, na mara kwa mara jina hilo hilo litatajwa na watu wasiojuana. Huyo hajawahi kuvunja kanuni mbele ya kundi. Amekuwa akifanya kazi yake inboksi. Mpelekee kanuni ya tatu, andika kwenye daftari, na ukipata ushahidi wa watu wawili mtoe bila ngazi.

Kila mwezi pitieni orodha ya maneno: ongezeni yaliyopenya, ondoeni yaliyonasa watu wema, na mrekebishe namba za wasimamizi kwenye kanuni ya sita, maana aliyeacha kazi mwezi uliopita huenda bado ndiye anayeandikiwa.